Hofu ya ndege haifukuzwi, hufundishwa

Mlango wa ndege ulipofungwa, mikono yangu ilikuwa imeshaking'ang'ania kiti. Ilikuwa safari ya asubuhi, Dar es Salaam kwenda Mwanza, kama saa moja na nusu angani. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,000, na kwa miaka kadhaa nilikuwa nachagua basi, nikiwaambia watu kwamba napenda kuiona nchi. Safari hii kulikuwa na msiba, na mazishi hayasubiri.

Pembeni yangu alikaa mama mtu mzima, kitenge begani. Tulikuwa tumeshasalimiana, shikamoo na marahaba, na alikuwa ameshaniambia kwamba alifanya kazi ya ukunga zaidi ya miaka thelathini kabla ya kustaafu. Ndege ilipoanza kusogea alinitazama kifuani.

"Mwanangu, umebana pumzi," akasema. "Itoe kwanza. Itoe yote, polepole, kuvuta kutakuja kwenyewe."

Niliitoa. Mara ya nne au ya tano vidole vikaanza kulegea. Hofu haikuondoka, lakini ilipungua kiasi cha mtu kuweza kukaa nayo. Akaniambia hayo ndiyo maneno aliyowaambia wanawake wodini kila uchungu ulipopanda: hauzuiliki, una kilele chake, na baada ya kilele hushuka.

Tangu siku ile nimesoma mengi kuhusu hofu ya kupanda ndege, na kila nilichosoma kimenirudisha kwa yule mama. Wengi wetu tunaishi na hofu hii kimyakimya. Kuna aliyekataa kazi kwa sababu ya safari za mara kwa mara, kuna mzazi aliyeshindwa kwenda kumwona mwanawe Muscat au London, na kuna anayepanda lakini haonji usingizi siku tatu kabla. Makala hii ni kwa ajili yao. Inaeleza kinachotokea mwilini, kinachotokea kwenye ndege, na mambo ya kufanya tangu wiki moja kabla ya safari hadi magurudumu yatakapogusa ardhi.

Kengele iliyo kichwani

Ndani ya ubongo, upande wa kulia na wa kushoto, kuna sehemu mbili ndogo zenye umbo la lozi. Wataalamu huziita amigdala. Hizi ni miongoni mwa sehemu zinazopiga kengele ya hatari, na huipiga haraka, kabla fikra hazijapata nafasi ya kuuliza kama hatari yenyewe ipo. Kengele ikilia, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya adrenalini. Moyo hudunda kwa kasi, misuli hukaza, tumbo husimamisha kazi yake, viganja hutoka jasho. Mwili unajiandaa kukimbia au kupigana.

Barabarani mbele ya gari lisilo na breki, maandalizi hayo huokoa maisha. Ndani ya ndege huna pa kukimbilia wala wa kupigana naye. Nguvu yote iliyoandaliwa hubaki imefungwa kwenye kiti pamoja na mkanda.

Hapo ndipo pumzi inapoharibika. Mtu mwenye hofu huhema kwa haraka, kwa sehemu ya juu ya kifua. Kuhema hivyo hutoa nje hewa ya kabonidayoksaidi kupita kiasi. Ikipungua kwenye damu, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo husinyaa, kichwa huwa chepesi, midomo na ncha za vidole hufanya ganzi. Abiria anaamini hewa imekwisha ndani ya ndege, kwa hiyo anahema zaidi, na hali inazidi. Kumbe hewa anayo tele. Anachohitaji ni kuitoa taratibu.

Shambulio la hofu linaloanza hivi hufika kileleni kwa dakika chache, mara nyingi ndani ya dakika kumi, kisha huanza kushuka. Mwili hauwezi kuishikilia kengele ile ikilia kwa nguvu hiyo safari nzima. Yule mkunga alilijua hilo kutokana na kazi yake.

Kwa nini namba pekee hazitulizi

Mwaka 2024 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani, akiwemo Profesa Arnold Barnett, walichapisha hesabu za usalama wa ndege za abiria duniani. Kati ya 2018 na 2022, hatari ya kufa ilikuwa mtu 1 katika kila abiria milioni 13.7 waliopanda. Kati ya 1968 na 1977 ilikuwa mtu 1 katika kila 350,000. Usalama haulingani katika nchi zote, na watafiti hao walisema hivyo wazi, lakini hata kwenye nchi zilizo nyuma hatari imepungua.

Hesabu hizo ni nzuri, na bado hazikutosha kuniingiza kwenye ndege kwa miaka yote ile. Hofu hukumbuka picha kuliko namba. Wengi wetu tunakumbuka Novemba 6, 2022, ndege ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43, na 19 wakapoteza maisha. Tuliona mkia wa ndege ukiwa juu ya maji, tukaona wavuvi wakiizunguka kwa mitumbwi. Picha ile haitoki. Barabarani watu hufa karibu kila siku, lakini mmoja huku, watatu kule, na asubuhi tunapanda daladala kama kawaida.

Kuiachia picha ituongoze kuna gharama. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Wamarekani wengi waliacha ndege wakasafiri kwa magari. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Gerd Gigerenzer, alipitia takwimu za barabarani za miezi mitatu ya mwisho ya mwaka ule. Katika utafiti alioutoa mwaka 2004, alikadiria kwamba watu wapatao 350 walikufa zaidi ya ilivyotarajiwa, kwa kukimbia hatari ndogo na kuingia kwenye kubwa.

Kwa hiyo namba zisome ukiwa nyumbani, umetulia, zikusaidie kuamua kusafiri. Ukiwa angani huku moyo unadunda, mwili hausikilizi hesabu. Unasikiliza pumzi, misuli na mazoea.

Ile milio ni ya nini?

Sehemu ya hofu huisha mtu akijua anachokisikia. Muda mfupi baada ya kuruka, utasikia kishindo chini ya miguu: ni magurudumu yanaingia tumboni mwa ndege na milango yake kufungwa. Kisha mlio wa injini hupungua na utahisi kama ndege inashuka. Haishuki. Rubani amepunguza nguvu kubwa iliyohitajika kurukia, na ndege inaendelea kupanda kwa mwendo wa taratibu zaidi. Masikio yetu ya ndani, yenye vijiwe vidogo vinavyoupa ubongo habari za mwendo, huona badiliko hilo la kasi kama kuanguka. Karibu na kutua utasikia mlio mrefu kama wa mashine ya kukoboa: ni vipande vya bawa vinanyooshwa nje ili ndege iweze kwenda polepole bila kupoteza nguvu ya kuelea. Vile vikengele vidogo mara nyingi ni wahudumu wanapigiana simu, au abiria ameita apewe maji.

Mtikisiko ndio unaowatisha wengi. Hewa ina mawimbi yake kama bahari. Jua likichoma ardhi, hewa ya moto hupanda. Upepo ukigonga milima, hupinda. Ndani ya mawingu ya mvua ya radi, hupanda na kushuka kwa nguvu. Ndege ikipita hapo hurukaruka kama boti kwenye mkondo wa Nungwi. Ukitazama maji kwenye kikombe chako wakati unahisi umetupwa mbali, mara nyingi utayakuta bado yamo. Anguko ambalo tumbo limelihesabu kuwa kubwa aghalabu ni la mita chache.

Mabawa yametengenezwa yapinde. Mwaka 1995, kabla Boeing 777 haijaanza kubeba abiria, mafundi waliyavuta mabawa yake juu kwa makusudi hadi yakavunjika, ili kujua mwisho wake. Ncha zilipinda zaidi ya mita 7, na yalivunjika kwenye asilimia 154 ya mzigo mkubwa kabisa ambao ndege hiyo ilitegemewa kukutana nao maishani mwake. Bawa linalochezacheza dirishani linafanya kazi yake.

Jambo la kuzingatia kwenye mtikisiko ni mkanda. Wanaoumia mara nyingi ni waliokuwa wamesimama au wameufungua. Ufunge muda wote unapokuwa umekaa, hata taa ya mkanda ikizimwa.

Wiki moja kabla

Watu wengi huanza kupambana na hofu wakiwa tayari wamefunga mkanda. Hapo umechelewa. Pumzi ya kutuliza ni kama kuogelea, haifundishwi katikati ya kilindi.

Anza na dakika kumi kila siku, asubuhi au kabla ya kulala. Kaa, weka mkono mmoja tumboni. Vuta hewa kwa pua huku ukihesabu hadi nne, tumbo likiinua mkono. Itoe taratibu huku ukihesabu hadi sita, kama unayepuliza uji wa moto bila kuumwaga. Hesabu kwa mwendo wa sekunde, na utakuwa unapumua mara sita kwa dakika. Moyo huongeza kasi kidogo tunapovuta hewa na kupunguza tunapoitoa, kupitia neva ndefu iitwayo vagasi inayotoka kwenye ubongo kushuka hadi kifuani na tumboni. Ukirefusha kutoa, unaipa neva hiyo nafasi zaidi ya kuutuliza moyo.

Wanaosali wana mlango wao hapa. Mwaka 2001 daktari wa Italia, Luciano Bernardi, na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa kwa watu 23. Waligundua kwamba kusali rozari kwa Kilatini, au kukariri mantra ya yoga, kulishusha pumzi hadi karibu mara sita kwa dakika na kuupa moyo mapigo yenye mpangilio mzuri. Utafiti ule haukuwahusu wasomao nyiradi, lakini aliyewahi kuhesabu tasbihi kwa utulivu anaujua ule mwendo. Dua ya safari uliyofundishwa utotoni, ikisomwa polepole na kwa pumzi moja kila kifungu, inaweza kuulaza mwili pamoja na kuufariji moyo.

Katika wiki hiyo, isogelee hofu kwa ngazi. Njia hii ina asili yake Afrika: Joseph Wolpe, daktari wa magonjwa ya akili aliyezaliwa Johannesburg, aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1958. Andika mambo yanayokutisha, kutoka dogo hadi kubwa. La kwanza laweza kuwa kusikiliza sauti ya injini kwenye simu. La pili, kutazama video ya ndege ikiruka, iliyopigwa kutoka dirishani. La tatu, kwenda kumsindikiza mtu uwanjani na kukaa pale nusu saa. Kaa kwenye kila ngazi huku ukipumua, hadi hofu ipungue nusu, ndipo upande nyingine. Usiondoke hofu ikiwa kileleni, kwa kuwa ubongo utajifunza kwamba kilichokuokoa ni kukimbia.

Siku ya safari

Panga begi jana yake. Kutafuta kitambulisho alfajiri huku dereva anapiga honi kunauwasha moyo kabla hujafika uwanjani. Fika mapema. Ukiweza, chagua ndege ya asubuhi, kwa kuwa joto la mchana huitibua hewa iliyo karibu na ardhi, na omba kiti kilicho karibu na bawa. Hapo ndipo mtikisiko huwa mdogo kuliko kwingine. Mkiani abiria hurushwa zaidi.

Kula, ila kiasi. Tumbo tupu hutetemesha mwili kama hofu, na tumbo lililojaa maharage na soda huleta gesi inayopanuka ndege ikipanda. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu viache siku hiyo, maana hudundisha moyo, na ubongo uliotishika huuchukulia mdundo huo kuwa dalili ya hatari. Chai ya tangawizi husaidia wanaosikia kichefuchefu. Hewa ya ndani ya ndege ni kavu sana, hivyo kunywa maji mara kwa mara. Vaa nguo zisizobana.

Ukiingia, mwambie mhudumu kwa sauti ya kawaida: "Dada, naogopa kupanda ndege." Usione aibu. Wamezoea, na wengi watapita kukuangalia. Kuitaja hofu kuna faida yake pia. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa chuo kikuu cha UCLA huko California walionyesha kwamba mtu akiipa hisia jina, amigdala hupunguza kishindo. Kwa hiyo sema moyoni, "hii ni hofu," kisha ipe alama kutoka sifuri hadi kumi. Mimi huandika alama hizo kwenye kidaftari: mlango ukifungwa, ndege ikiruka, katikati ya safari, ikitua.

Kisha nenda kwenye misuli. Daktari wa Marekani Edmund Jacobson aliifundisha njia hii karibu miaka mia moja iliyopita, na bado inatumika hospitalini. Kunja ngumi zote mbili, zikaze kwa sekunde tano, kisha ziachie ghafla na usikilize zinavyolegea kwa sekunde kumi. Pandisha mabega hadi masikioni, yaachie. Kaza mapaja, yaachie. Kaza nyayo, ziachie. Ile nguvu ambayo adrenalini imeiandaa kwa ajili ya kukimbia inapata pa kwenda.

Mtikisiko ukija, usiukakamalie. Abiria mwenye hofu hujishikilia kama aliyebeba ndege yote kwa mikono miwili, na kila mrusho humpiga mara mbili. Egemeza mgongo, legeza magoti, uuache mwili uchezecheze na kiti. Shika kitu chenye historia yako: ukingo wa kanga, pete, punje za tasbihi. Pitisha kidole kwenye mshono wa kanga, uhesabu mikunjo, soma jina lililoandikwa chini. Macho na vidole vikiwa na kazi, mawazo hayapati nafasi ya kwenda mbali. Toa pumzi. Hesabu sita. Subiri wimbi lishuke.

Dawa na kileo

Wapo wanaotafuta kidonge cha kutuliza au kunywa pombe wakiwa wanasubiri ndege. Nawaelewa, na nawasihi wafikiri upya. Mwaka 1997 Frank Wilhelm na Walton Roth wa Stanford waliwafuatilia wanawake 28 wenye hofu kali ya ndege. Katika safari ya kwanza nusu yao walipewa alprazolamu, ambayo ni dawa ya kutuliza, na nusu wakapewa kidonge kisicho na dawa. Waliopewa dawa walisema wamepata nafuu. Wiki moja baadaye wote walipanda tena bila kupewa chochote. Miongoni mwa waliokuwa wametumia dawa, asilimia 71 walipata shambulio la hofu. Kwa wale wengine ilikuwa asilimia 29. Dawa iliinyima miili yao nafasi ya kujifunza kwamba safari inapitika.

Dawa za aina ya alprazolamu zikichanganywa na pombe zinaweza kudhoofisha upumuaji, na mtu aliyelala kama gogo hawezi kufuata maelekezo ya haraka yakihitajika. Asiyetikisa miguu kwa saa nyingi yuko pia kwenye hatari ya damu kuganda miguuni. Usitumie kidonge cha rafiki. Kama daktari wako amekuandikia dawa kwa sababu maalumu, fuata maelekezo yake.

Wakati wa kumwona mtaalamu

Ikiwa hofu imekukosesha kazi, imekutenga na familia, au inakujia hata kwenye lifti na vyumba vilivyofungwa, usiibebe peke yako. Kuna tiba ya mazungumzo inayomsaidia mtu kuyachunguza mawazo yake na kuisogelea hofu kwa mpangilio, na ushahidi wake ni mzuri. Idara za afya ya akili zipo katika hospitali kama Muhimbili jijini Dar es Salaam na Mathari jijini Nairobi, na hospitali za rufaa za mikoa zinaweza kukuelekeza. Aliyenusurika ajali, au aliyefiwa katika ajali, anastahili msaada huo mapema, kwa kuwa jeraha lake ni zaidi ya woga wa safari.

Maumivu ya kifua pia yasifanywe hofu tu. Mwenye ugonjwa wa moyo, pumu au shinikizo la damu amwone daktari kabla ya kusafiri. Maumivu yanayobana kifua na kusambaa mkononi au tayani yanataka mhudumu aitwe papo hapo.

Siku ile ya Mwanza tulipokaribia ziwa, ndege ilirukaruka kupita kwenye mawingu. Nilimtazama yule mama. Alikuwa amefumba macho, midomo ikicheza polepole, mikono imelala wazi mapajani. Tulipotua aliniuliza kama nina mtu wa kunipokea, akachukua mkoba wake, akaenda zake. Sikumwuliza jina.

Tangu hapo nimepanda ndege mara sita. Kwenye kidaftari, safari ya kwanza baada ya ile inasomeka: mlango, tisa, kuruka, tisa, katikati, saba, kutua, tano. Ya mwisho inasomeka: mlango, sita, kuruka, nne, katikati, mbili, kutua, moja. Ile sita ya mlangoni haijapungua katika safari tatu mfululizo, na pengine haitapungua. Nikiisikia inakuja, natoa pumzi kwanza.